Muziki wa harusi: kabla hujanitumia nyimbo, nitumie ratiba

Mbukwenyi ndugu zangu. Msimu umechanganya, simu haitulii, na karibu kila bibi harusi anayenipigia anaanza hivi: "DJ, nikutumie nyimbo zangu?" Nampa hongera yake afu namwambia mdogo wangu nyimbo zisubiri, nitumie kwanza ratiba na uniambie nani anakuja. Nimepiga harusi hapa Dodoma miaka mingi sasa, Makole, Kisasa, Nzuguni, mpaka Kongwa na Mpwapwa huko, na harusi nyingi nilizoona muziki umeharibika nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri tu, ila zimepigwa saa isiyo yake na mbele ya watu wasio wake.

Tuanze na kanisani, ambako mimi sina kauli, mwenye kauli ni mwalimu wa kwaya na padri au mchungaji. Mfuateni mapema, siyo Alhamisi ya wiki ya harusi. Kwa Wakatoliki kila wimbo una kiti chake, mwanzo, zaburi, shangilio, matoleo, komunyo, shukrani, kwahiyo ile bongo fleva inayokutoa machozi itunze ukumbini. Na mkifunga ndoa ndani ya Kwaresima (kama paroko atakubali) Aleluya haiimbwi, msimlazimishe mwalimu wa watu.

Halafu kuna ule muziki wa kinanda wa bibi harusi kuingia ambao kila mtu anaujua. Ule ni wa Wagner, umetoka kwenye opera yake ya Lohengrin iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1850, na ule wa kutokea wanaoupiga wengi ni wa Mendelssohn, wa 1842, aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Vilishika kasi baada ya kupigwa kwenye harusi ya binti wa malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1858, na dunia nzima ikafuata. Asili yake ni jukwaani, haukutungwa kwa ibada, ndo maana kuna wachungaji na mapadri hawautaki kanisani kwao, na kwenye hiyo Lohengrin ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule. Mimi sikukatazi, nasema uliza kwanza, maana nimeona bibi harusi anaambiwa asubuhi ya siku yenyewe kwamba haupigwi, na uso ukabadilika mpaka kwenye picha.

Kwa Waislamu kwenye nikah sileti spika ya muziki kabisa, kuna kaswida na dufu na inatosha, ila ile shughuli ya kina mama ndo wanataka taarab, na hapo sikiliza shangazi anasema nini.

Sasa ukumbini. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwenye suala la kuingia. Kuna harusi moja miaka ya nyuma nilipewa wimbo wa dakika tatu na nusu, "huu ndo wa kuingilia DJ", sikuuliza kitu, kumbe wapambe walikuwa jozi 8 na kila jozi inacheza kwanza mlangoni afu inasogea mbele taratibu, wimbo ukaisha bibi harusi hata hajatokeza, ukumbi ukawa kimya unasikia viatu tu kwenye marumaru. Nilirudia wimbo lakini ile hali ilishakufa, na yule dada nilimuona kabisa ameshuka moyo. Kosa langu lile. Tangu siku hiyo naomba video ya mazoezi, napigia hesabu jozi moja kama dakika moja, na natenga wimbo wa wapambe na wimbo wa maharusi, hauwi mmoja. Wa maharusi unaanza pale gauni linapoonekana mlangoni, siyo sekunde kumi kabla.

Na sikilizeni maneno jamani! Unakuta wimbo una gitaa tamu, kiitikio kinasema nakupenda nakupenda, watu wanauchagua kufungulia muziki, kumbe ubeti wa pili jamaa analia ameachwa na mwenzie kaolewa na mwingine. Wazee wanasikiliza maneno kuliko nyie. Sikiliza mpaka mwisho, wote wawili, ndo unitumie. Mkinitumia msinirekodie kwa simu kutoka redioni, wala msitegemee nitapiga moja kwa moja YouTube, maana tangazo likiingia katikati ya kukata keki hakuna MC wa kuokoa hiyo.

Jambo la wageni ndo limebadilika sana hapa kwetu. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973 lakini watu wenyewe tumewaona wakimiminika baada ya serikali kuanza kuhamia kweli 2016, na sasa hivi harusi moja ya Area D ina bwana harusi Mhaya, bibi harusi Mrangi wa Kondoa, bosi Msukuma, majirani Wagogo na marafiki wa chuo kutoka kila kona. Ukipiga amapiano masaa matatu mfululizo unafurahisha meza nne. Kwahiyo ile saa ya zawadi, ambayo kamati nyingi wanaiona ya kupitisha muda tu, mimi naiona ndo saa ya dhahabu, kwasababu kila kundi linakuja mbele likicheza na kila kundi lina wimbo wa kwao. Nipe listi ya makundi kwa mpangilio, nitawapa kila mtu chake, na utaona mama wa miaka sabini ananyanyuka kwenye kiti mwenyewe.

Na wazee wapewe mapema. Wanaorudi Bahi au Chamwino saa nne wanaanza kuangalia funguo za gari, sasa ukiweka zilipendwa saa tano unampigia nani? Mimi naziweka chakula kinapoelekea kuisha, sauti ya chini, mtu aweze kuongea na jirani yake bila kupiga kelele, na meza ya wazee isikae mbele ya spika, hilo naligombania na mpambaji kila wiki. Singeli inakuja mwisho kabisa. Ile inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ukiruka kutoka rumba moja kwa moja kwenda huko unawaangusha watu, lazima upande nao ngazi kwa ngazi.

Familia ikiwa ya Kigogo nawaomba kitu kimoja, na nawaomba kwa moyo wote: punguzeni hata maua, mlete kikundi chenyewe cha muheme, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo. Marehemu Hukwe Zawose aliufikisha muziki wa Kigogo mpaka majukwaa ya Ulaya, sisi tulio nyumbani kwake tunaucheza kwenye flashi! Kina mama wakibana zile ngoma katikati ya mapaja na kuanza kupiga, ukumbi mzima unatikisika na hawahitaji maiki hata moja. Maiki mpeni wa zeze, maana zeze lina sauti ndogo na linamezwa, na mzime spika zangu zote nyingine wakati wao wanapiga.

Umeme: uliza jenereta ya ukumbi inawaka baada ya muda gani. Mimi miksa na laptopu naziweka kwenye betri.

Kwa mnaofanya gadeni mwezi wa 7 na wa 8, upepo wetu mnaujua. Mara nyingi unatoka mashariki, kwahiyo jukwaa na spika vikae upande wa mashariki upepo usukume sauti kwenda kwa wageni, mkigeuza mtasikia wimbo unakuja na kupotea kama redio ya mbali, na hotuba ya baba hakuna atakayeisikia. Usikubali kuonyeshwa gadeni saa nne asubuhi. Nenda saa 11 jioni, saa ileile wageni wataanza kukaa, simama meza ya mwisho kabisa, mwambie mwenzio aongee akiwa pale jukwaa litakapokaa. Ukimsikia, tuongee nyimbo.