Mashine haijasema ununue sensa

Wadau tukikutana Jumapili na magari yetu, boneti ziko wazi, stori haziishi, lazima atokee mmoja aseme "nimepima, mashine ya kusoma makosa ya gari imesema sensa ya oksijeni (ile ya kwenye bomba la moshi) imekufa". Hapana mkuu, haijasema hivyo. Chukua P0171, namba ya kosa ambayo ndo inatesa wengi, maana yake kompyuta ya gari inaona hewa ni nyingi mno ukilinganisha na petroli, basi. Na aliyepeleka taarifa ni hiyohiyo sensa unayotaka kuitupa, mjumbe hauawi jamani!

Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) imejaa vumbi, pampu ya mafuta imechoka au filta ya mafuta imeziba. Kama unako kale kamashine ka bluetooth ka kusoma data za gari kwenye simu, fungua fueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, gari ikiwa imewaka hujakanyaga kitu. Ikisoma kama +20 halafu ukikanyaga mpaka rpm 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka karibu na 5, tafuta hewa inapovuja kati ya MAF na injini. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyofanya kazi nzito, anza kushuku mafuta hayafiki ya kutosha, ingawa MAF chafu nayo inaleta hivyohivyo.

Sensa inakufa pia, sikatai, ila ikifa mara nyingi ina namba zake, mfano P0135 ambayo ni hita yake, na hata hapo pima fyuzi na waya kabla hujakimbilia dukani.