"Kwa nini mara nne?"

Mkaguzi aliweka kalamu mezani, akauliza hivyo tu. Mbele yake palikuwa na ratiba yetu ya kupima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye unga: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Vyeti vinne vya maabara vilikuwa kwenye faili, vyote safi, vyote na muhuri. Meneja wa ubora wa kinu kile cha mahindi, huko kanda ya kati, alinitazama mimi mshauri wake. Mimi nikatazama faili. Jibu la kweli lilikuwa kwamba mwaka una robo nne. Hatukulitamka, ila mzee yule alishalisikia.

Kisha akaomba daftari la mapokezi, ambalo hakuna aliyedhani angeligusa. Kati ya Februari na Machi waliingia wauzaji watatu wapya, malori 11, mahindi yaliyonunuliwa kwa madalali kwa sababu wakulima tuliowazoea walikuwa wamemaliza akiba. Sampuli ya Januari ilishachukuliwa, ya Aprili ilikuwa bado. Malori yote 11 yalisagwa, yakafungashwa, yakaliwa, na hakuna aliyejua chochote kuyahusu. Tuliandikiwa hoja ya ukaguzi, na tulistahili.

Ratiba ile haikushindwa kazi kwa sababu ya uchache wa vipimo peke yake. Ilifuata kalenda wakati hatari inafuata mzigo. Ili uone ninachosema, itazame punje.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka jumla ya aflatoksini, ndiyo sumukuvu tuliyokuwa tukiipima, kwenye mahindi na unga wake isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Lakini ukungu unaotengeneza sumu hii, hasa Aspergillus flavus, haugawi kwa usawa. Punje nyingi ni safi kabisa, chache zimejaa sumu. Kuna punje zilizopimwa moja moja zikakutwa na kiwango cha maikrogramu 400,000 kwa kilo. Chukua punje moja ya namna hiyo yenye uzito wa gramu 0.3: ina maikrogramu 120 za sumu. Isage pamoja na kilo 10 za mahindi yasiyo na doa, utapata 12 kwa kilo. Punje moja imeshavusha kikomo.

Sasa mfikirie kijana wa mapokezi anayechoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, kwenye magunia matatu yaliyo mlangoni mwa lori, anajaza kikombe, anapeleka kupima. Kuikosa punje ile ni rahisi mno. Ndiyo maana kabla sijagusa ratiba, huwa nauliza sampuli inachukuliwaje: magunia mangapi, ya juu tu au hata ya katikati ya shehena, na je, sampuli yote inasagwa kwanza ndipo ipunguzwe? Ukipunguza ingali punje, umecheza bahati nasibu. Ratiba nzuri juu ya sampuli mbovu ni kazi bure.

Na hesabu ya vyeti vinne ni hii. Tuseme mzigo mmoja katika kila mitano inayoingia kinuni haufai. Uwezekano wa kupima mara nne na kupata majibu safi mara zote nne ni kama 41 kwa 100. Yaani kinu kilichooza kiasi hicho kinaweza kufika kwenye ukaguzi kikiwa na faili linalong'aa, karibu mara mbili katika kila tano. Hata vipimo 12 safi mfululizo bado vinaacha nafasi ya takriban 7 kwa 100. Kwa hiyo meneja akiniambia "tumepata safi mwaka mzima, tupunguze vipimo," namuuliza: vipimo vingapi, na vya mizigo ipi?

Ratiba niliyowatengenezea baadaye haina majina ya miezi upande wa kushoto. Ina makundi ya mizigo. Mkulima wa mkataba ambaye tumeona turubai zake na kipima unyevu kimesoma chini ya asilimia 13.5: kipimo cha haraka cha mapokezi kwa baadhi ya malori, maabara kwa machache zaidi. Muuzaji mpya, au mahindi yaliyochanganywa na dalali kutoka maghala yasiyojulikana: kila lori, na halishushwi kabla ya jibu. Mahindi yaliyokaa ghalani tangu mavuno: yanapimwa upya kabla ya kusagwa, hata kama yalipita siku ya kwanza, kwa sababu ukungu hausomi cheti.

Kisha yanakuja matukio yanayopandisha vipimo bila kusubiri kikao: ukame shambani, mvua kunyesha mahindi yakiwa yameanikwa, paa la ghala kuvuja. Sitoi mifano hii hewani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Ukipika ugali, sumu haiondoki.

Bidhaa nayo ina uzito wake. Sembe imekobolewa, na sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Dona inabaki na kila kitu. Unga wa lishe wenye karanga ndani yake unaliwa na mtoto wa mwaka mmoja, tena kila siku, kwa hiyo huo niliuweka juu kabisa: kila bechi, na karanga zinapimwa peke yake kabla hazijachanganywa. Halafu kuna pumba zenyewe, ambazo watu huzisahau. Zinakwenda kwa ng'ombe, na sumu inatokea kwenye maziwa. Tuliziongezea mstari wake. Metali nzito kama risasi na mengineyo tuliyaacha kwenye kalenda, hayana haraka hiyo.

Wengi hupenda lile jedwali la alama za hatari, uwezekano mara ukali, 3 mara 4 ni 12, rangi ya chungwa. Mimi nalitumia kuwafanya watu wazungumze, basi. Nikiona ratiba iliyotoka moja kwa moja kwenye jedwali bila mtu wa ghala kuulizwa, huwa najua kwamba imeandikwa ofisini.

Mambo mawili lazima yaandikwe kabla ya jibu baya kuja, si baada. La kwanza, mzigo ukishindwa, unazuiwa, na haurudiwi kupimwa mpaka lipatikane jibu la kupita. La pili, masharti ya kushusha vipimo: muuzaji yuleyule, msimu kamili, majibu mangapi, na nani anatia saini. Nani anatia saini ndilo linaloleta ugomvi. Mtu wa manunuzi asiwe huyo.

Gharama? Kweli, vipimo vya mapokezi viliongezeka sana. Vya maabara kwenye unga uliokamilika vilipungua, kwa sababu lori lililokataliwa getini halihitaji cheti.

Mwaka uliofuata mkaguzi yuleyule alirudi. Hakuuliza meneja wala mimi. Alitembea hadi mapokezi, akanyoosha kidole kwenye lori lililosimama pembeni halijafunguliwa, akamuuliza kijana mwenye bambo, "Hili limefanya nini?"

"Muuzaji mpya, mzee. Linasubiri jibu."

"Na lile lililoshushwa asubuhi?"

"Lile la mkulima wetu. Kwake tunapima lori moja katika manne, na la jana lilipimwa."

Mzee akaandika kitu kidogo kwenye karatasi yake, akaomba kuona bambo linavyochomwa.