Je, wajua kwa nini saratani ya titi kwa mwanaume hugunduliwa ikiwa imechelewa?

Mwaka 2019 Mathew Knowles, baba mzazi wa mwanamuziki Beyoncé, aliona kitone cha damu kwenye fulana yake nyeupe. Akavaa nyingine. Kitone kikarudi, mahali pale pale. Mkewe naye akaona damu kwenye shuka. Alipoibinya chuchu, ikatoa majimaji yenye damu, naye akaenda kupimwa. Ilikuwa saratani ya titi, hatua ya 1A, yaani ya mwanzo. Aliwahi.

Wengi hawawahi, na hapo ndipo penye kitendawili. Titi la mwanaume halijai kiganja. Uvimbe wa ukubwa wa harage ungetegemewa kushikika mapema kuliko kwa mwanamke. Kumbe udogo huo ndio unaomponza. Uvimbe hauna pa kukulia, kwa hiyo haukawii kuifikia chuchu, ngozi au msuli wa kifua. Na mwenyewe hajipapasi, maana hajui kama ana titi.

Analo. Wiki za mwanzo tumboni, mtoto wa kike na wa kiume hufanana, na chanzo cha matiti huwekwa kwa wote. Balehe ikifika, homoni hulikuza la msichana. La mvulana hubaki na vijimirija vichache nyuma ya chuchu. Saratani nyingi za wanaume huanzia humo. Ugonjwa wenyewe ni adimu: kwa jumla, katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mwanaume hafiki hata mmoja, na mara nyingi huwa ameshavuka miaka 60.

Halafu kuna aibu ya neno lenyewe. Mwanaume wetu hasemi "titi". Atasema "kifua kinanisumbua". Ukisema kifua mapokezi, utaulizwa umeanza kukohoa lini, na pengine uondoke na kikopo cha makohozi. Knowles mwenyewe alipendelea kuiita saratani ya kifua ili wanaume wasione haya. Kwa Kiingereza huenda ikafaa. Kwetu ingekupeleka foleni ya TB. Sema chuchu, uonyeshe kwa kidole.

Kazi ya kwanza ya daktari ni kutofautisha saratani na titi lililokua tu, jambo ambalo ni la kawaida zaidi kwa mbali. Vijana wa balehe hulipata, wazee hulipata, wenye ini lililoharibika na watumiaji wa baadhi ya dawa pia, ikiwemo efavirenzi ya VVU. Uvimbe wa aina hiyo hunesa kama mpira, huizunguka chuchu sawasawa, mara nyingi huuma na huweza kuwa pande zote mbili. Saratani kwa kawaida ni upande mmoja, ngumu, imeegemea pembeni ya chuchu, na mara nyingi haiumi. Hilo la kutouma ndilo linalowadanganya watu. Chuchu iliyozama ndani, damu, kidonda kisichopona au tezi iliyovimba kwapani huongeza shaka.

Vidole peke yao havitoshi. Hufuata mamogramu, yaani eksirei ya titi, na ndiyo, hata titi la mwanaume hubanwa katikati ya vibao viwili vya mashine. Kwa kuwa lina mafuta zaidi kuliko tezi, uvimbe huonekana vizuri kwenye picha. Ultrasaundi hulitazama titi na kwapa. Lakini jibu la mwisho hutoka kwenye kipande cha nyama ya uvimbe wenyewe: eneo hutiwa ganzi, sindano nene hutoa vipande vidogo, navyo hupelekwa maabara ya patholojia.

Maabara haiishii kusema ndiyo au hapana. Hutazama pia kama seli za saratani zinapokea homoni ya estrojeni, na kwa wanaume takriban 9 kati ya 10 huwa hivyo. Ndiyo maana baada ya upasuaji wengi hupewa vidonge vya tamoksifeni vinavyoizuia homoni hiyo, dawa ile ile wanayomeza wanawake.

Kipimo kinachobaki ni cha damu au mate, kutafuta jeni yenye hitilafu. Knowles alikutwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA2. Mwanaume mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa takriban 7 kati ya 100 wa kupata saratani ya titi maishani mwake, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa binti hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo majibu ya baba huwafanya na mabinti waitwe kupimwa.