Je, Wajua? Kwa Nini Makazi ya Angani Hayatakuwa Kwao Mtu Mpaka Watoto Wazaliwe na Kukulia Huko

Tangu tarehe 2 Novemba 2000, Kituo cha Kimataifa cha Anga hakijawahi kukosa mtu ndani yake, lakini hakuna mtoto aliyezaliwa humo, na kila anayepanda kwenda huko huenda akijua kuwa atarudi. Mwaka 2010 kiliongezewa chumba kidogo chenye madirisha saba yanayoelekea Dunia, na hapo ndipo wanaanga hupenda kumalizia muda wao wa mapumziko, wakiitafuta pwani au mito ya nchi walikotoka.

Wanaotamani kujenga mji kwenye sayari ya Mirihi huzungumzia sana roketi, ilhali fursa nzuri ya safari hiyo hupatikana takriban kila baada ya miezi 26, na mhamiaji aliyekulia kwingine huweza wakati wowote kuanza kuulizia chombo cha kurudi. Uzazi hausubiri chombo. Watu 1,000 wakiongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka hufikia 2,000 baada ya miaka 35 hivi, na katika miaka 350 huzidi milioni moja bila kupokea mgeni hata mmoja.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, ni mapenzi ya mtu kwa mahali alipozaliwa, hata pawe pagumu namna gani. Kisiwa cha Tristan da Cunha, kilichoko mbali kusini mwa Atlantiki, kilianza kukaliwa na walowezi mwaka 1816. Volkano ilipolipuka mwaka 1961, wakazi wote walihamishiwa Uingereza, wakapewa nyumba na kazi katika nchi ambayo babu zao baadhi walitoka. Mwaka 1962 walipiga kura: 148 walitaka kurudi kisiwani, watano tu walitaka kubaki, na mwaka uliofuata wengi walikuwa wamesharejea kwenye mwamba wao. Vizazi vichache vilikuwa vimetosha kuifanya Uingereza iwe ugenini.

Kuzaliwa peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Mwaka 1978 mtoto wa kwanza wa Antaktika alizaliwa katika kituo cha Esperanza cha Argentina, na wengine wachache wakafuata, lakini bara lile limebaki mahali pa zamu, kwa sababu familia huondoka na watoto wao kabla hawajapata hapo ndoa na makaburi ya wazee.

Angani kuna sharti jingine ambalo kisiwa hakina. Mtu mmoja hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku, kwa hiyo kila mtoto lazima atanguliwe na hewa, maji na chumba kilichokwisha kujengwa. Idadi ya watu itafuata kasi ya mafundi.

Uvutano wa Mirihi nao ni asilimia 38 tu ya ule wa Dunia. Mtu mzima aliyetoka Duniani huuhisi kama nafuu. Aliyekulia kule, siku akipelekwa kuiona nchi ya bibi yake, atashuka chomboni na kukuta mwili wake umekuwa mzito zaidi ya mara mbili na nusu, kwa miguu na moyo ambavyo havijawahi kuubeba mzigo huo.