Njia ya tembo katikati ya mikorosho

Mimi ni ofisa wanyamapori, na nikifika vijiji vya Nanyumbu, mkoani Mtwara, sikosi kuulizwa: "Bwana nyama, kwa nini tembo wako hawakai kwao?" Huwa najibu kwanza kwamba si wangu. Kisha natandika ramani chini ya mwembe. Huku juu ni Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo mwaka 2019. Kule chini, ng'ambo ya Ruvuma, ni hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Katikati yapo mapori ya akiba madogo, Msanjesi na Lukwika-Lumesule, na sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya vijiji. Tembo mkubwa hula zaidi ya kilo 100 kwa siku, na kiangazi vijito vikikauka hufuata maji yalipo. Hapo anapopita ndipo tunapaita ushoroba.

Ushoroba si lazima uwe hifadhi. Tembo akiwa karibu na watu hupita usiku, tena kwa haraka. Anachotaka ni kichaka cha kujificha na mahali pa kunywa.

Kinachonisumbua mimi ni mkorosho. Zamani shamba la mtama au ufuta lililimwa misimu michache, likichoka linaachwa, pori linarudi na tembo naye anarudi. Mkorosho hauachwi. Unazaa miaka 30 na zaidi, na ni hati ya mkulima: ukiona miche, ujue pana mwenyewe. Halafu kuna mabibo, matunda ya mkorosho. Yanaanguka kuanzia Oktoba, pori likiwa limekauka kabisa, na tembo anayapenda kupindukia. Kwa hiyo njia tumeiziba, na juu ya kizuizi tumeweka chambo! Akivunja matawi, mkulima anasubiri kifuta jasho cha serikali, ambacho kama jina lake linavyosema, si fidia.

Kanuni za shoroba zipo tangu mwaka 2018, lakini kwenye ardhi ya kijiji mpango wa matumizi bora ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mwanzoni nilikwenda na mstari niliouchora ofisini, umenyooka kama rula. Bibi mmoja akauangalia, akacheka. "Mwanangu, hapo ni mlimani. Wao wanashukia bondeni." Tukaenda naye. Kinyesi kilikuwa huko huko alikosema, kimejaa mbegu za mabibo.

Tangu siku hiyo naanzia mabondeni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukihesabu kingo mbili, unapata mita 120 ambazo hazitakiwi kupandwa hata mche mmoja. Kwa kundi la tembo ni pembamba, ila ni rahisi kuwaomba watu wapanue kidogo kitu kilichokwisha katazwa kuliko kuwaomba wang'oe mikorosho. Mkutano wa mwisho niliohudhuria, ubishi haukuwa tena kama njia iwepo. Walibishana ng'ambo ipi ya mto iongezwe, maana upande mmoja kuna shamba la mwenyekiti.