Mpigaji wa sesheni asiyetajwa: maana yake katika muziki wa filamu

Mpigaji wa sesheni ni mwanamuziki anayeitwa studio kwa saa maalumu, akalipwa kwa saa hizo, kisha akafunga ala yake na kuondoka. Akiitwa "asiyetajwa", maana yake jina lake halimo katika majina yanayopita kwenye skrini, hata kama sauti yake ndiyo inayokumbukwa na kila mtu. Gitaa la muziki wa James Bond katika Dr. No (1962) alilipiga Vic Flick. Nyimbo nyingi anazoonekana kuimba Audrey Hepburn katika My Fair Lady (1964) ziliimbwa na Marni Nixon. Majina hayo mawili hayakuandikwa kwenye filamu hizo.

Kutotajwa hakupimi ustadi. Sesheni ya kawaida ni saa 3, na mara nyingi mpigaji hukuta juu ya stendi nota ambazo hajawahi kuziona. Huzipitia mara moja, kisha taa nyekundu inawaka. Masikioni ana kliki, mdundo wa kuhesabia unaofungamanisha muziki na picha: kwa midundo 120 kwa dakika na fremu 24 kwa sekunde, kila mdundo huchukua fremu 12 kamili. Kliki hiyohiyo huharibu rekodi. Noti ndefu inapofifia, maikrofoni hunasa tik-tik inayovuja kutoka hedifoni. Anayetaka sikio moja wazi asiuache upande huo wa hedifoni ukining'inia; aubane kichwani nyuma ya sikio, na mhandisi wa sauti ateremshe kliki kadiri noti inavyokwisha. Karatasi nazo hupiga kelele. Wapiga fidla wawili wakishiriki stendi, wa ndani hugeuza ukurasa na wa nje huendelea kupiga.

Mara nyingine ala za nyuzi hurekodiwa peke yake na tarumbeta peke yake, ili tarumbeta ziweze kushushwa chini ya maneno ya waigizaji bila kugusa fidla. Ndiyo maana hata waliokuwamo studioni huenda wasijue nani mwingine anasikika katika kipande kilekile.

Basi majina hupotelea wapi? Fuata karatasi. Ya kwanza ni ripoti ya sesheni, inayojazwa na anayewaita wapigaji: majina, ala, saa. Ya pili ni orodha ya vipande vya muziki vilivyomo kwenye filamu: jina la kipande, urefu wake, mtunzi, mchapishaji na mgawo wao. Hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye vyama vya hakimiliki, na kwa kawaida haina nafasi ya mpigaji. Ya tatu ni majina ya skrini, ambayo mtayarishaji huyapanga kwa kufuata mikataba. Usipoahidiwa kwa maandishi, huwezi kudai. Okestra yenye jina lake, kama London Symphony Orchestra katika Star Wars (1977), hutajwa kwa mstari mmoja. Wapigaji waliokusanywa mmojammoja hawana hata jina la pamoja. Madereva hutajwa, na ni haki yao. Sioni sababu ya kuwaacha nje waliopiga muziki.

Sheria nayo ilichelewa. Mkataba wa Roma wa 1961, kifungu cha 19, unamwondolea msanii ulinzi wake dhidi ya kurekodiwa bila idhini mara anapokubali kazi yake iingizwe kwenye picha. Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, unampa haki ya kutambulishwa, isipokuwa namna ya matumizi ikilazimu jina liachwe. Mlango huo ni mpana mno.

Nchini Marekani kuna mfuko ulioanzishwa mwaka 1972 unaowalipa wapigaji pale filamu ambayo muziki wake ulirekodiwa chini ya mikataba ya chama chao inapouzwa upya, kwa mfano kwa televisheni. Mfuko huo hautazami skrini, hutazama kumbukumbu za sesheni. Kwa hiyo kabla ya kutoka studio, soma ripoti: jina liwe lilelile la akaunti ya benki, ala zote ulizopiga ziandikwe, maana ala ya pili huongeza malipo, na dakika zilizozidi saa 3 zihesabiwe kabla fomu haijatiwa saini.