Je, wajua kwa nini ulichoagizwa kinakutoka njiani?

Mtoto katumwa Soko la Majengo, Dodoma: nyanya, vitunguu, mlenda, karanga za kusaga, chumvi na kiberiti. Anatoka akivitaja kimoyomoyo. Kwenye kona rafiki anamuuliza mpira ni saa ngapi. Akishajibu tu, mlenda na kiberiti vimeyeyuka.

Tusimchape. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walieleza kuwa maneno tunayoyasikia hushikiliwa kwanza na kitu kama mwangwi kichwani. Mwangwi huo hubeba yale tu yanayoweza kutamkwa kwa sekunde mbili hivi. Usipoyarudia yanafifia, na ukitamka mengine yanasukumwa nje. Ndiyo maana maneno marefu huwa mzigo kuliko mafupi, hata kama idadi ni ileile.

Basi turudierudie tu? Hilo litakufikisha sokoni usipokutana na mtu, na Majengo kutokukutana na mtu ni muujiza.

Kinachodumu ni neno lililopata pa kujishika. Mlenda, karanga, nyanya, vitunguu na chumvi si vitu vitano tena ukishaiona sufuria moja jikoni. Kiberiti ndicho cha kuwashia moto chini yake. Majina ya watu yanatutesa kwa sababu hiyohiyo. Ukitambulishwa kwa Mzee Mazengo mwenye shamba la zabibu, kesho utakumbuka zabibu, jina utalitafuta. Zabibu zina rangi, zina ladha, zina jua la Dodoma. Jina halina kitu, mpaka ulipatie. Wimbo nao hushika vizuri: mdundo na vina humwonyesha mwimbaji neno linalofuata.

Halafu kuna kujiuliza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliokuwa wamejaribu kukumbuka bila kuangalia ndio walioongoza.

Mama zetu hufanya hivyo mlangoni: "Hebu niambie, nimekutuma nini?" Kosa ni kuuliza papo hapo, kwa kuwa mtoto anajibu kwa mwangwi. Mwache kwanza atafute kandambili, achukue kikapu, abishane na mdogo wake. Ndipo umuulize.